Namba za Mdomoni na Namba za Kwenye Karatasi



Hebu sikiliza watu wakizungumza kisimani au sokoni. Mama anamgombeza mtoto: "Nimekuambia mara mia moja ufunge mbuzi!" Kijana anasimulia harusi: "Watu walikuwa milioni!" Mwenzake hataki kushindwa: "Milioni? Walikuwa bilioni!" Wa tatu naye anabuni yake: "Bwana wee, walikuwa trilioni elfu sabini na saba!" Hapo wote hucheka.

Je, watu hawa ni waongo? La. Msemaji anajua, na msikilizaji anajua. Hiyo ni chumvi ya mazungumzo. Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo: chungu nzima, kibao, kedekede, lukuki. Hata vijana wa siku hizi wana "zilioni" yao. Maneno haya ni matamu, lakini hayana kipimo. Hakuna ajuaye kibao ni ngapi.

Sasa tuipime ile harusi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima. Basi hata ukialika nchi yote, pamoja na vichanga, bilioni haitimii. Ungehitaji Tanzania 16 na zaidi. Wali wa kuwatosha utapikwa katika sufuria gani?

NGAZI YA NAMBA

Elfu: 1,000 (sifuri 3)
Laki: 100,000 (sifuri 5)
Milioni: 1,000,000 (sifuri 6)
Bilioni: 1,000,000,000 (sifuri 9)
Trilioni: 1,000,000,000,000 (sifuri 12)

Zamani wazee waliita elfu "kikwi". Neno elfu limetoka katika Kiarabu, na laki limetoka India. 

Kwa mdomo, milioni na bilioni zinafanana kama ndugu. Lakini chukua punje za mahindi uzihesabu, punje moja kwa kila sekunde, usiku na mchana bila kulala. Milioni utaimaliza kwa siku 11 na nusu hivi. Bilioni itakuchukua zaidi ya miaka 31. Ukianza leo na mtoto mchanga mgongoni, ukimaliza yeye ni mtu mzima mwenye watoto wake.

JINA LILILOBUNIWA NA MTOTO

Pengine utauliza: je, jina la kubuni haliwezi kuwa namba ya kweli? Linaweza. Huko Marekani alikuwako mtaalamu wa hesabu aitwaye Edward Kasner. Alikuwa na mpwa wake mwenye umri wa miaka 9. Alimwomba mtoto huyo aipe jina namba moja kubwa mno, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 100. Mtoto akabuni neno: gugoli. Kasner na mwenzake waliliandika katika kitabu mwaka 1940, na wataalamu wanalitumia mpaka leo.

Basi gugoli na zilioni zina tofauti gani? Zote mbili zimebuniwa. Lakini gugoli ina sifuri zinazohesabika: 100, haizidi wala haipungui. Zilioni haina sifuri zake. Kwa hiyo gugoli ni namba, na zilioni ni kichekesho tu.

HATARI IKO WAPI?

Hatari ni pale namba ya mdomoni inapofika kwenye mizani na kwenye hati. Tuseme unauza mahindi. Mnunuzi anasema, "Nitakulipa laki mbili na hamsini." Wewe kichwani unaona 250,000. Yeye kwenye karatasi anaandika 200,050. Ukilalamika atakujibu, "Si tulisema laki mbili na hamsini?" Na kweli maneno yale yanabeba namba zote mbili! Umepoteza shilingi 49,950, tena umeweka sahihi yako mwenyewe.

Dawa yake ni ndogo. Sema "laki mbili na elfu hamsini". Vivyo hivyo, usiseme "elfu arobaini na tano", maana inaweza kuwa 45,000 au 40,005. Sema "arobaini na tano elfu", kisha andika tarakimu.

Jihadhari pia na mtu anayekuja kijijini akisema, "Jiunge nasi, utapata mamilioni!" Usibishane naye. Muulize polepole: Milioni ngapi? Baada ya miezi mingapi? Mimi nitatoa shilingi ngapi kwanza? Kisha mwambie aandike. Mwenye namba ya kweli haoni taabu kuiandika. Mwenye kibao na chungu nzima ataanza kutafuta kofia yake.

Hatusemi tuache utani. Harusini, watu na wawe trilioni! Lakini penye fedha, mbegu, dawa na ekari, tudai tarakimu. Ndiyo faida ya kujua kusoma, ndugu.

ZOEZI

1. Andika kwa tarakimu: laki tatu na elfu sitini.
2. "Milioni moja na mia" inaweza kuwa namba zipi mbili? Ziandike zote.
3. Ile namba ya pili ukiitoa katika ya kwanza, baki ni ngapi?
4. Katika kikundi chenu, tajeni maneno matano yenye maana ya "nyingi sana". Je, lipo hata moja linaloweza kuandikwa kwenye stakabadhi?