Somo la 8: Sindano Mkononi mwa Mwanafunzi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mdo 9:36–42, Kut 22:26, 27, Kum 24:10–13, Yer 38:7–13, Mal 1:6–8, Yak 2:14–17.

Fungu la Kukariri: Yakobo 2:17 (lisome katika Biblia yako na ulikariri kabla ya Sabato).

Mfarishi ni blanketi la vipande. Mshonaji huunganisha vipande vya vitambaa mpaka vitoshe kumfunika mtu, huweka pamba au blanketi jepesi katikati, kitambaa kingine chini, kisha huyashona matabaka yote matatu pamoja. Huko Marekani, wanawake wa makanisa wamekutana kwa vizazi vingi kushona mifarishi na kuipeleka kwa wasio na makao, kwa wanawake waliokimbia kupigwa, na kwa watoto walio hospitalini. Dada zetu wa Dorkasi huku kwetu wanaijua kazi ya namna hii, hata kama wao hupeleka kanga, sare za shule na mablanketi.

Juma hili tutajiuliza maswali mawili. Je, kazi ya sindano ni sehemu ya uanafunzi, au ni shughuli ya pembeni? Na je, zawadi zetu humheshimu yule anayezipokea?

JUMAPILI
Mwanafunzi wa Yafa

Soma Mdo 9:36–42. Luka anamtambulisha Tabitha kwa neno gani kwanza, kabla ya kutaja matendo yake?

Luka anamwita mwanafunzi. Katika Kiyunani ametumia neno hilo kwa umbo la kike, na umbo hilo halionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Kwa hiyo Tabitha hakuwa msaidizi wa wanafunzi. Alikuwa mwanafunzi, na uanafunzi wake ulionekana katika nguo.

Petro alipofika, wajane walisimama karibu naye wakilia na kumwonyesha kanzu na mavazi. Namna kitenzi cha Kiyunani kilivyotumika inaonyesha kwamba huenda walikuwa wamezivaa nguo hizo. Hakuna aliyeleta daftari la michango. Ushahidi wa maisha ya Tabitha ulikuwa mwilini mwa maskini.

Petro hakuyapuuza machozi yao. Alipiga magoti, akaomba, na Tabitha akafufuliwa. Habari zikaenea Yafa yote, na wengi wakamwamini Bwana (fungu la 42). Katika mji ule, sindano na mahubiri havikutenganishwa.

Tafakari: Kama wewe ungelala leo, nani angesimama akilia, na angekuwa na nini cha kuonyesha?

JUMATATU
Mungu Anayejali Usiku wa Maskini

Soma Kut 22:26, 27 na Kum 24:10–13. Kwa nini vazi la rehani lilipaswa kurudishwa kabla jua halijazama?

Mtu maskini wa Israeli alikuwa na vazi moja la juu. Mchana alilivaa, usiku lilikuwa blanketi lake. Akikopa na kuliweka rehani, mkopeshaji alikuwa na haki ya kulishika, lakini haki hiyo ilikoma jioni. Sababu iliyotolewa ni ya kawaida kabisa: mtu huyu atalala na nini? Mungu anaongeza kwamba maskini huyo akimlilia, Yeye atasikia.

Angalia pia kwamba mkopeshaji alikatazwa kuingia nyumbani mwa mdeni kuchukua rehani. Alipaswa kungoja nje mpaka aletewe. Sheria ililinda mwili wa maskini dhidi ya baridi, tena ililinda heshima yake ndani ya nyumba yake.

Aliyewahi kulala bila blanketi la kutosha mwezi wa Julai huko Njombe, Makete au Limuru hahitaji kuelezwa jambo hili. Usiku ni mrefu kwa mtu anayetetemeka. Aliyeweka sheria hii pale Sinai aliujua usiku huo, na kwa hiyo anayeshona blanketi kwa ajili ya mtu asiyemjua anashughulika na jambo ambalo Mungu alilishughulikia kwanza.

JUMANNE
Matambara ya Ebedmeleki

Soma Yer 38:7–13. Ebedmeleki alifanya jambo gani ambalo halikuwa la lazima ili kumtoa Yeremia shimoni?

Yeremia alikuwa amezama katika matope ya shimo. Ebedmeleki, Mkushi aliyetumika katika nyumba ya mfalme, alijitoa kumtetea, akapewa watu 30 wa kumsaidia. Kamba na nguvu za watu hao zingetosha. Lakini yeye alipita kwanza chini ya hazina, akachukua matambara na nguo kuukuu, akayashusha kwa kamba, na kumwambia nabii ayaweke chini ya makwapa yake.

Mwingine angesema, “Ashukuru anaokolewa.” Ebedmeleki alifikiri habari za ngozi ya mtu aliyedhoofika, na jinsi kamba ingemchubua.

Hapa mshonaji wa mfarishi ana ndugu yake katika Biblia. Vipande vinavyobaki sakafuni kwa fundi cherehani, vya kitenge na vya sare, havina thamani sokoni. Mtu anapovichagua, akavipanga na kuvishona kwa subira akimfikiria atakayejifunika, vinakuwa blanketi. Mungu hakulisahau tendo la Ebedmeleki (Yer 39:15–18).

Tafakari: Ni kitu gani kidogo kinachobaki nyumbani kwako au kazini kwako ambacho, kikiongezewa muda na fikira, kinaweza kumsaidia mtu?

JUMATANO
Kilicho Kilema

Soma Mal 1:6–8 na Mt 25:37–40. Kuna uhusiano gani kati ya dhabihu zilizolalamikiwa na nabii na zawadi tunazowapa wahitaji?

Makuhani wa siku za Malaki walipokea wanyama vipofu na vilema kwa ajili ya madhabahu. Nabii akawapa kipimo: wampelekee liwali wao mnyama kama huyo, waone kama atapendezwa. Naye Yesu alisema kwamba anayevikwa katika mtu mdogo ni Yeye mwenyewe. Tukiyasoma mafungu haya mawili pamoja, mfuko wa nguo zilizochanika unaopelekwa kwenye makao ya yatima unakuwa swali zito. Je, tulikuwa tunatoa sadaka, au tulikuwa tunasafisha kabati?

Shirika la Project Linus, lililoanza Marekani mwaka 1995, hugawa mablanketi kwa watoto wagonjwa na walio katika shida. Linataka blanketi liwe jipya, la kutengenezwa kwa mkono, na linaloweza kufuliwa. Masharti hayo yana maana. Mtoto mgonjwa hudhurika kwa uchafu, na mshono unaofumuka katika kufuliwa mara ya kwanza humwachia mtoto kitambaa kilichotatuka.

Hata hivyo, asiogope mwenye kidogo. Paulo anafundisha kwamba kipawa hupimwa kwa kile mtu alicho nacho (2 Kor 8:12). Kanga moja safi ya mama maskini, iliyofuliwa na kukunjwa vizuri, si kilema mbele za Mungu. Kilema ni kile ambacho tungeona haya kumtandikia mgeni wetu.

ALHAMISI
Alipokuwa Pamoja Nao

Soma Yak 2:14–17 na 1 Kor 13:3. Mafungu haya yanatuonya juu ya hatari gani mbili?

Yakobo anamkemea anayetoa maneno bila nguo. Paulo anamwonya anayetoa vyote bila upendo. Wajane wa Yafa walionyesha nguo ambazo Dorkasi alizishona alipokuwa pamoja nao (Mdo 9:39). Alikaa nao, alijua nani ana watoto wangapi na kanzu ya nani imechakaa.

Ni rahisi kushona kile tunachopenda kushona. Ni vigumu zaidi kumwuliza msimamizi wa makao, “Mnahitaji nini?” na kuwa tayari kusikia kwamba mablanketi yanatosha, bali zinahitajika taulo za kike, sabuni, au nauli ya mama anayepaswa kufika mahakamani.

Tena kuna jambo la picha. Mara nyingi baada ya kugawa vitu, kikundi husimama na wapokeaji kupiga picha. Yesu alitufundisha kutoa bila tarumbeta (Mt 6:1–4). Na kwa mwanamke aliyemkimbia mtu anayempiga, picha moja inaweza kuonyesha mahali alipojificha. Upendo hufikiri hata jambo hilo.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Mnamo Oktoba 1874, huko Battle Creek, Michigan, wanawake wanane wa kanisa letu waliunda chama cha Dorkasi. Kiongozi wao alikuwa Martha Byington Amadon, binti wa John Byington, ambaye mwaka 1863 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Konferensi Kuu. Walishona nguo, wakapeleka chakula kwa familia zenye shida, wakatunza yatima, wajane na wagonjwa. Kutokana na mwanzo huo, vikundi vya Dorkasi vilienea katika makanisa yetu. Mwaka huohuo wa 1874 kanisa lilimtuma J. N. Andrews kwenda Ulaya, akiwa mmishonari wetu rasmi wa kwanza ng’ambo. Mmoja alivuka bahari, na wengine wakashika sindano. Bwana mmoja aliwatuma wote.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, katika kanisa lenu kazi ya Dorkasi huhesabiwa kuwa uinjilisti? Wanaume na vijana wana nafasi gani ndani yake?

2. Mshiriki analeta nguo zilizochakaa sana kwa ajili ya wahitaji, tena kwa moyo mweupe. Mtampokeaje bila kumvunja moyo, na bila kumdharau atakayezipokea?

3. Taja makao, hospitali au familia moja iliyo karibu na kanisa lenu. Nani kati yenu atakwenda juma hili kuuliza wanachohitaji, kabla hamjakata kitambaa chochote?