Frateri, na mama yangu je?



Leo nawaletea stori ya mwanasayansi mmoja, halafu niungame kosa nililofanya nilipoisimulia mara ya kwanza.

Anaitwa Regina Barzilay. Alizaliwa Moldova mwaka 1970, akasoma Israeli, kisha Marekani, ambako ni profesa wa chuo cha MIT. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta lugha za binadamu. Mwaka 2010, yeye na wenzake wawili walitoa programu iliyofumbua Kiugariti, lugha iliyokufa zamani, kwa kuilinganisha na ndugu yake Kiebrania. (Sisi tunaosoma Agano la Kale hapo tunasisimka!)

Mwaka 2014 akaambiwa ana saratani ya matiti. Akiwa kwenye matibabu aliwauliza madaktari maswali ya kawaida tu: wagonjwa kama mimi huwa wanaendeleaje, na kwa dawa ipi? Majibu hayakutosha, maana rekodi za wagonjwa wengi zilikuwa zimelala tu bila kuchambuliwa. Alipopona, akageuza kazi yake. Akiwa na daktari wa picha, Connie Lehman, na mwanafunzi wake Adam Yala, walifundisha akili mnemba kwa eksrei za matiti za wanawake wengi, pamoja na taarifa za nani aliugua baadaye na nani hakuugua. Programu hiyo haitafuti uvimbe uliopo. Inakadiria hatari ya miaka mitano ijayo, kwa alama ambazo jicho la daktari halizioni. Na hapa nawasifu sana: vipimo vya zamani vya hatari vilijengwa hasa kwa wanawake weupe, vikawa vinawakosea weusi. Wao walipima makundi yote mawili, ikafanya vizuri kotekote. Programu iliyofuata, Mirai, ilijaribiwa hadi Sweden na Taiwan.

Sasa kosa. Nilipowasimulia vijana parokiani, nilimaliza kwa mbwembwe: "Mnaona? Mungu alimpa ugonjwa ili aokoe wengine!" Makofi. Binti mmoja hakupiga. Akanifuata nje: "Frateri, mama yangu alikufa kwa ugonjwa huohuo. Yeye alipewa wa nini?"

Shahada nzima ya falsafa, sikuwa na neno. Nikamwomba msamaha.

Usiku nikafungua Yohana 9. Wanafunzi wanamwona kipofu, wanataka kujua nani alitenda dhambi. Yesu anakataa kumlaumu yeyote, anatema mate chini, anafanya tope, anayagusa macho ya yule mtu. Kutoa jema ndani ya baya si sawa na kulitaka lile baya. Hiyo tofauti niliifanyia mtihani seminarini na nikafaulu, lakini mbele ya watu nikaisahau kwa kutafuta makofi. Barzilay naye, ninavyomsoma, aliuliza afanye nini na ugonjwa. Nani kautuma ni swali nililombebesha mimi.

Jumapili iliyofuata yule binti alirudi na swali jingine: mtoto wa mama kama wake aanze kupimwa akiwa na umri gani? Nikamwambia hilo nalo silijui. Tukaenda wote kumuuliza sista wa zahanati.