Tovuti ya Pointi za Duka: Vidokezo 6 Kabla ya Kuipeleka Mwabungo

Programu yenu ya kuwapa wateja wa duka pointi iko tayari, na tovuti pia. Kabla hujapanda matatu Ukunda kwenda kumwonyesha mwenye duka wa kijiji cha Mwabungo, kagua tovuti hivi:

1. Sema kazi yake kwa sentensi moja. "Suluhisho la kidijitali" halimwambii kitu mtu anayepima mafuta ya kupikia. Andika: "Mteja akinunua mara kumi, tunakukumbusha umpe zawadi." Pointi watu wanazijua tangu Safaricom ilete Bonga mwaka 2007. Wasichojua ni nani atakayegharamia zawadi.

2. Heshimu daftari. Duka la kijijini tayari lina njia zake za kumshika mteja: daftari la deni, nyongeza ya nyanya moja, peremende ya mtoto aliyetumwa. Onyesha programu yako inavyokaa pamoja na hayo. Picha za mikahawa ya ng'ambo zitoe. Weka kaunta yenye unga, sabuni ya kipande na kibiriti.

3. Taja bei. "Wasiliana nasi" humfanya mtu aogope. Tuseme ada ni shilingi 500 kwa mwezi, na pakiti ya unga humwachia mwenye duka faida ya shilingi 10: lazima auze pakiti 50 zaidi ndipo arudishe ada. Mfanyie hesabu hiyo palepale.

4. Ifungue kwa simu ya bei nafuu. Video inayojicheza yenyewe inakula bando la watu. Eleza pia kama bibi mwenye simu ya vitufe anaweza kupata pointi zake. M-Pesa ilienea kwa sababu haikumdai mtu simu ya gharama.

5. Jibu maswali ya uaminifu. Namba za wateja mnazihifadhi vipi? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi wadogo. Na mkifunga biashara, je? Kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt nayo ilikuwa na kadi ya pointi, lakini Januari 2020 wadai wake waliamua ivunjwe. Andika mapema zawadi za watu zitalipwaje.

6. Mpe simu, nyamaza. Mwache mwenye duka asome mwenyewe. Akiweza kumweleza mteja anayefuata kwa maneno yake, tovuti yako imeiva.