Mdogo Wangu, Usibanie Waya wa Kamera

Mdogo wangu, najua kamera umeshachagua. Umelinganisha bei, umejua ipi itakaa getini na ipi itatazama banda la kuku. Vizuri. Sasa niambie, waya je? Hapo ndipo wengi wenu mnanyamaza, au mnanijibu, "Fundi atajua." Sikulaumu, kamera ndiyo inayoonekana. Lakini kamera ikiharibika utaishusha na kupandisha nyingine siku hiyohiyo. Waya ukishazikwa ukutani, plasta ikapigwa na rangi ikakauka, kuutoa ni kubomoa nyumba yako mwenyewe. Hela zikipungua, punguza idadi ya kamera. Ubora wa waya usiuguse.

Na usijidanganye kwamba ukinunua ya Wi-Fi umeukwepa waya. Picha itapita hewani, sawa, umeme je? Nyingi bado zinahitaji soketi karibu na kamera, nje huko kwenye mvua, na hiyo soketi nayo inataka waya. Wengi hugundua hayo kamera ikiwa tayari mkononi.

Ukienda Kariakoo utakuta maboksi ya kebo ya Cat6 yamepangwa, mengi ya mita 305, bei zake zimeachana mno. Rahisi ghali, mdogo wangu. Ile ya bei ya chini mara nyingi ni alumini iliyovikwa shaba kwa juu, nayo huitwa CCA. Ukinzani wake unazidi ule wa shaba tupu kwa zaidi ya nusu, na waya huo ukiukunja mara kadhaa unakatika. Linyanyue boksi, maana la shaba ni zito. Kisha omba ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya ule wekundu, rudisha na uondoke. Usione haya, hela ni zako.

Unajua uchungu wa waya mbaya unakuja lini? Usiku. Mchana kamera inaonyesha vizuri, unamsifu fundi, unawaonyesha na majirani. Giza likiingia, taa zake za infraredi zinawaka, kamera inavuta umeme mwingi zaidi, na waya dhaifu hauwezi kuufikisha. Inazima, inawaka, inazima tena. Mbwa wanabweka, moyo unakudunda, unashika simu utazame nje, unakuta kioo cheusi. Watoto wamelala chumba cha pili. Sitaki upate usiku wa namna hiyo kwa sababu ya tofauti ya bei ya boksi moja.

Kama nyumba ndiyo kwanza inajengwa, vuta Cat6 ya shaba tupu, utumie mfumo wa PoE. Kebo moja inabeba picha na umeme pamoja, na umeme wenyewe unasafiri kwa volti 48 hivi, kwa hiyo haupotei njiani upesi kama ule wa volti 12 wa adapta. Mwisho wake ni mita 100 kutoka kwenye swichi ya PoE, na hizo zipime kwa njia ya waya, kupanda darini na kushuka ukutani, usipime kwa macho. Kama tayari una kamera za analogi na rekoda yake ya DVR, basi kebo ya RG59 iliyoambatana na waya wa umeme inakutosha. Picha itafika mbali. Umeme ndio utakaochoka kwanza, kwa hiyo kamera ya mbali ipe waya mnene zaidi au chanzo cha umeme cha karibu.

Kwenye kuvuta sasa, simama hapohapo fundi akiwa kazini. Atakwambia apitishe kebo ya kamera kwenye bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba ili amalize haraka. Kataa. Ni hatari, na picha inaweza kuingia mistari. Ziachane kama sentimita 30, na zikilazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba. Darini zipite ndani ya bomba, panya hawana huruma. Nje tumia kebo nyeusi ya nje, maana ile ya ndani jua huipasua. Kabla haijaingia tundu la ukuta, iachwe ining'inie chini kidogo ya tundu, maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuifuata hadi ndani. Viungio vyote vikae kwenye kisanduku kisichoingiza maji. Kwa ninyi wa Kigamboni na Bagamoyo nasisitiza zaidi, chumvi ya bahari hula viungio haraka.

Na usiache waya ukining'inia mahali mkono unapofika. Mwizi haihitaji kamera yako, anahitaji koleo tu. Rekoda inayohifadhi picha nayo itoe chini ya televisheni sebuleni, ukaifiche na kuifungia.

Najua kumuuliza fundi maswali mengi kunakutia aibu, unaogopa aone hujui kitu. Mficha uchi hazai. Uliza. Mwambie aandike jina la kila kamera kwenye ncha zote mbili za waya, aache na ziada kidogo kila upande. Kisha kamera zote ziwashwe kabla plasta haijapigwa, na msubiri hadi giza liingie. Akikwambia ana haraka, mpe nauli arudi jioni. Hela yake ya mwisho ibaki kwako mpaka mmeziona pamoja usiku, zote, bila hata moja kuzimika.