Tunza Ulichopewa: Jinsi ya Kuondoa Gundi Kwenye Stensili za Plastiki za Vikundi vya Ushonaji



Katika toleo hili tunaleta somo ambalo kwa haraka linaweza kuonekana dogo mno kwa kurasa za jarida la maendeleo. Somo lenyewe linahusu gundi. Hata hivyo, gundi hiyo ilisimamisha kazi ya kikundi kimoja cha akina mama katika dayosisi yetu kwa karibu mwaka mzima, na kosa lililoanzisha tatizo lilitoka ofisini kwangu. Naomba kamati za sharika zilisome somo hili pamoja na vikundi vyao. Wafadhili wetu nao tunawaomba walisome hadi mwisho, kwa kuwa lipo neno lao.

STENSILI NI NINI?

Wazee wa kanisa wanaokumbuka mashine za zamani za kuchapia nakala wanalijua neno stensili. Hapa tunazungumzia stensili ya ushonaji. Ni kipande chembamba cha plastiki kilichokatwa matundu membamba yanayofuata umbo fulani, kwa mfano ua, jani, nyota au mawimbi. Mshonaji huilaza juu ya kitambaa, hupitisha chaki ya fundi au penseli ndani ya matundu, kisha hushona kufuata mstari uliochorwa. Kwa njia hiyo tabaka tatu za blanketi la viraka, ambalo wengine huliita kwilti, yaani kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, hushikana vizuri na kuwa na pambo.

Ushonaji huu una historia ndefu kwa Walutheri. Shirika la Lutheran World Relief lilianzishwa mwaka 1945 baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwa miaka mingi akina mama wa sharika za Kilutheri nchini Marekani wameshona mablanketi ya viraka kwa ajili ya watu wenye shida katika nchi mbalimbali. Baadhi ya mablanketi hayo yamefika hapa Tanzania. Kwa hiyo usharika rafiki wa Marekani ulipotuletea sanduku la stensili 22 zilizokwisha kutumika, tulilipokea kwa shangwe. Sasa mama zetu wangeshona wenyewe, watumie na wauze.

TATIZO LILIVYOANZA

Baadhi ya stensili zilifika zikiwa na stika za bei za dukani na mabaki ya selotepu. Hilo halikuwa kubwa. Kubwa nililifanya mimi. Kabla ya ukaguzi wa hesabu niliandika waraka kwa miradi yote kwamba kila mali iliyotolewa na wafadhili ibandikwe stika yenye namba. Kikundi kilitii. Vyerehani vilibandikwa, mikasi ilibandikwa, na stensili zote 22 zilibandikwa.

Stoo ya kikundi imeezekwa kwa bati na haina dari. Jua la mchana lililainisha gundi, stika zikateleza, gundi ikaingia katika matundu na stensili zikashikana zenyewe kwa zenyewe. Vumbi jekundu likanasa juu yake. Akina mama walipozitumia kwenye vitambaa vyeupe vya oda ya zahanati, kila stensili iliacha alama nyeusi yenye kunata. Kati ya mablanketi 10 ya watoto wachanga, 6 yalikataliwa. Fedha ya kitambaa ilipotea, na sanduku likafichwa nyuma ya kabati la majoho ya kwaya.

Wageni kutoka usharika rafiki walipotutembelea na kuuliza habari za stensili, kikundi kilijibu kwamba zinatumika vizuri. Miezi kadhaa baadaye mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima, alinifuata baada ya ibada. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, “Mwanangu mratibu, tumewadanganya wageni. Tuliona aibu kusema kwamba tumeharibu zawadi yao.” Tulipofungua sanduku pamoja, nikaona juu ya kila stensili stika niliyoiagiza mimi. Nilimwomba radhi mama yule, na siku ya kikao nikaomba radhi kwa kikundi chote.

KWA NINI GUNDI INANG'ANG'ANIA?

Gundi ya stika haikauki kama gundi ya mbao. Imetengenezwa ibaki laini na yenye kunata, ili ishike kwa kubonyezwa tu. Ndiyo maana stika ikitoka, gundi hubaki na kuendelea kukamata vumbi. Joto huilainisha na kuisambaza, na kadiri inavyokaa muda mrefu ndivyo inavyokuwa ngumu kutoka.

Gundi za namna hii mara nyingi ni za aina mbili. Zipo zenye asili ya mpira, ambazo hulegezwa vizuri na mafuta. Zipo pia za akriliki, ambazo mara nyingi hulegezwa vizuri zaidi na spiriti. Maji peke yake hayaziyeyushi. Maji hulainisha karatasi ya stika tu, na sabuni kazi yake ni kuondoa mafuta. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu huu.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji, mafuta ya kupikia, spiriti ya kusafishia vidonda, vitambaa laini vya pamba, mswaki wa zamani wenye nywele laini, kadi ya plastiki isiyotumika tena na kipande cha kitambaa cheupe cha kufanyia jaribio. Mahali ambapo spiriti haipatikani, kitakasa mikono chenye alkoholi, kama kile kilichoenea makanisani wakati wa ugonjwa wa Uviko-19 mwaka 2020, kinafaa. Kwa kuwa ni kizito, hukaa juu ya gundi bila kutiririka. Angalia tu kisiwe kimepita muda wake.

HATUA KWA HATUA

1. Jaribu kwanza pembeni. Plastiki hazifanani. Weka tone moja la spiriti kwenye kona isiyo na matundu na usubiri dakika tano. Kona ikibaki kama ilivyokuwa, endelea. Ikiwa na ukungu, ikinata au ikipasuka vinyufa, usitumie spiriti kwenye stensili hiyo, tumia mafuta na sabuni tu. Kumbuka pia kwamba spiriti inaweza kufuta namba au mistari iliyochapwa, hivyo inakili kwanza.

2. Ondoa karatasi. Loweka stensili katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika 15 hadi 20. Kipimo cha maji ni mkono wako: kama huwezi kuuacha ndani bila kuungua, maji ni ya moto mno. Stika yenye ngozi ya plastiki juu haipitishi maji, kwa hiyo ikwaruze kidogo kwa kucha kwanza. Kisha sukuma karatasi kwa kadi ya plastiki, ukiilaza karibu iguse stensili yote.

3. Punguza gundi ikiwa kavu. Futa maji yote. Bonyeza kipande cha selotepu juu ya gundi, kisha kivute kwa haraka. Gundi hupenda kufuatana na gundi nyingine, hivyo sehemu kubwa inaweza kutoka kwa kurudia mara kadhaa.

4. Paka mafuta. Kiasi kidogo cha mafuta ya kupikia kinatosha. Acha kwa dakika 20 au zaidi, kisha sugua kwa kitambaa. Katika matundu tumia mswaki, ukiupitisha kufuata urefu wa tundu. Ukisugua kwa kukingama, vile viungo vyembamba vinavyoshikilia umbo vinaweza kukatika.

5. Osha kwa sabuni ya maji. Hatua hii isirukwe. Mafuta yakibaki yataingia kwenye kitambaa, nawe utakuwa umebadilisha doa moja kwa jingine.

6. Maliza kwa spiriti. Kama bado pananata, lowesha kitambaa kwa spiriti, kilaze juu ya gundi kwa dakika mbili, kisha futa kuelekea upande mmoja. Geuza kitambaa kila mara ili usirudishe gundi ulipoitoa. Kazi hii ifanyike nje au mahali penye madirisha wazi, mbali na jiko, mshumaa na watoto.

7. Suuza na ukaushe kivulini, stensili ikiwa imelazwa.

8. Fanya jaribio la kitambaa cheupe. Laza stensili kavu juu ya kitambaa hicho, weka kitu kizito juu yake na uache hadi kesho. Kitambaa kikiwa safi, stensili iko tayari. Kikiwa na alama ya mafuta, rudia hatua ya tano. Kikinata, rudia kuanzia ya nne.

MAMBO TULIYOKOSEA

Tunayaandika ili wengine wasiyarudie. Siku ya kwanza nilishauri maji ya birika. Stensili mbili zilijikunja kama jani kavu na hazikunyooka tena, maana plastiki nyingi za namna hii hulegea kabla maji hayajachemka. Kijana mmoja akashauri thina ya rangi. Stensili moja ililainika na matundu yake yakazibana. Thina, asetoni na dawa ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha baadhi ya plastiki, hivyo tuziache.

Petroli isitumike kabisa. Mvuke wake hushika moto kwa urahisi sana, na hakuna stensili yenye thamani ya mkono au nyumba ya mtu. Mafuta ya taa hulegeza gundi, lakini nayo huwaka na harufu yake hukaa kwenye plastiki na baadaye kwenye blanketi la mtoto. Aidha, tusitumie wembe, kisu wala waya wa kusugulia sufuria. Mikwaruzo hukamata uchafu, na tundu likichubuka mstari hauwi sawa tena.

Mwisho wa kazi stensili 19 kati ya 22 zilipona. Tatu zilizoharibika tumezihifadhi kwa kufundishia.

KUZUIA NI BORA

Stensili isibandikwe kitu chochote. Namba ya mali iandikwe kwenye kadi ndogo na kufungwa kwa uzi katika tundu la pembeni. Wakati wa kuchora, izuie isiteleze kwa kuweka vitu vizito pembeni badala ya selotepu. Ikilazimu kutumia tepu, iwe ile ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, nayo iondolewe siku hiyohiyo. Baada ya kazi, futa chaki, panga stensili zikiwa zimelala na karatasi safi kati yake, na sanduku likae mbali na bati na dirisha lenye jua.

NENO KWA KAMATI ZA SHARIKA

Katika Yohana 6:12, baada ya watu kushiba, Bwana Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee chochote. Mwujiza ulikuwa umekwisha kufanyika, lakini mabaki nayo yalikuwa na hesabu yake. Hali kadhalika, kupokea zawadi ni mwanzo wa kazi. Kila mradi uwe na mtu wa kutunza vifaa, daftari la matengenezo na nafasi ya kusema “kimeharibika” bila kuaibishwa. Kikundi chetu kilikuwa na sabuni, mafuta na spiriti tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni uhuru wa kutoa taarifa. Nasi wa ofisini tupime maagizo yetu: stika iliyokusudiwa kulinda mali ndiyo iliyoiharibu.

NENO KWA WAFADHILI

Tunawashukuru kwa moyo wote. Mnapotuma vifaa vilivyotumika, tunaomba stika na selotepu ziondolewe huko huko zikiwa bado mpya, maana safari ndefu na joto huzifanya kuwa sugu. Pia mnapotutembelea, msiulize tu kama zawadi inatumika. Ulizeni ni kitu gani kimeharibika na mmejifunza nini. Swali hilo hufungua mlango.

Kikundi kiliwaandikia rafiki zetu barua na kueleza ukweli wote, pamoja na uongo wa siku ya ugeni. Jibu lao lilikuwa la upendo. Walieleza kwamba wao pia wana stensili zenye gundi kabatini, na wakaomba watumiwe hatua hizi. Tumewatumia.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Soma Matendo 9:36-41. Wajane wa Yafa walimwonyesha Petro nguo alizoshona Dorkasi. Je, usharika wetu ungeonyesha kazi gani ya mikono, na vifaa vyake viko katika hali gani leo?

2. Kuna kifaa gani cha mradi kilichofichwa kwa sababu ya aibu? Nani anaweza kukileta mezani bila kulaumiwa?

3. Ni agizo gani la ofisi ya dayosisi linalowaletea hasara? Liandikeni na mtuletee kabla ya kikao kijacho cha kamati.

Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.

Mratibu wa Miradi