Kabla ya kununua ruta ya nyumbani, pima kwanza

Mwisho wa mwezi ukifika, wengi wenu mnalipia intaneti ya nyumbani kwa simu, vile vile mnavyolipia stima na maji. Pesa inatoka chap chap, ujumbe unaingia, basi. Lakini kulipa ni kitu kimoja, na kupata ulicholipia ni kitu kingine. Sebuleni video inacheza bila shida, ukiingia chumba cha kulala inazunguka tu. Mkutano wa kazi unakatika zamu yako ya kuongea ikifika. Mtoto anangoja nusu saa kutuma kazi ya shule. Ukiuliza jirani, atakuambia ongeza kifurushi. Ukiuliza muuzaji dukani, atakuonyesha ruta ya antena 6.

Huenda mmoja wao yuko sawa, ila hakuna aliyepima. Tuseme unaongeza kifurushi kwa shilingi 1,500 zaidi kila mwezi. Hiyo ni 18,000 kwa mwaka, na kama shida ilikuwa ukuta wa chumba cha kulala, ukuta bado uko pale pale. Ruta nayo unailipia mara moja, lakini kama laini yenyewe ndiyo mbovu, umenunua pambo la sebuleni. Leo tutaangalia jinsi ya kujua unachohitaji kabla hujaweka PIN.

Ni laini au ni waifai?

Intaneti ya nyumbani ina safari mbili. Ya kwanza inatoka kwa kampuni ya intaneti hadi ndani ya nyumba yako, iwe kwa waya wa faiba, kwa mnara wa simu au kwa setilaiti. Ya pili inatoka kwa ruta hadi kwenye simu yako, kupitia hewani. Hii ya pili ndiyo waifai. Ruta mpya inatibu safari ya pili tu.

Kuzitenganisha ni rahisi. Tafuta laptopu yenye tundu la kebo, iunganishe moja kwa moja na ruta kwa waya, zima waifai ya laptopu, kisha fungua tovuti yoyote ya kupima kasi. Andika namba unayopata. Huna laptopu ya aina hiyo? Simama na simu mita moja kutoka kwa ruta, uhakikishe hakuna mwingine anayetazama filamu wakati huo. Kipimo hiki si safi kama cha waya, lakini kinasaidia. Halafu nenda kwenye chumba kinachosumbua, pima tena. Rudia asubuhi, na rudia usiku kama saa mbili hivi, wakati mtaa mzima uko mtandaoni.

Sasa soma majibu. Kwa waya unapata karibu na ulicholipia, lakini chumbani unapata robo yake: hiyo ni waifai, na hapo ruta nyingine, au hata kuhamisha uliyo nayo, inaweza kusaidia. Kama hata kwa waya kasi iko chini, piga simu kwa kampuni yako na uwaeleze vipimo vyako na saa ulizopima. Ukisema "nimepima kwa waya" watakusikiliza tofauti na yule anayesema "net iko slow". Na kama asubuhi ni nzuri ila usiku inaanguka hata kwa waya, huo ni msongamano upande wao. Usinunue chochote.

Kuna siku pia shida iko mbali kabisa na mtaa wako. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo hata ruta ya bei ya pikipiki haingekusaidia.

Jambo dogo linalochanganya watu: kasi hupimwa kwa megabiti, lakini faili unayopakua hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo laini ya megabiti 10 hupakua kama megabaiti 1.25 kwa sekunde. Ukiona hivyo, hujaibiwa.

Nyumba yako imejengwa na nini?

Hapa ndipo tungependa ukae kidogo, kwa sababu boksi la ruta halijui nyumba yako. Mistari ya "inafika mita kadhaa" imepimwa mahali pa wazi. Nyumba zetu nyingi ni za mawe, na ukuta wa mawe ya inchi 9 uliopigwa plasta unameza mawimbi vibaya sana. Sakafu ya zege ya ghorofa ina vyuma ndani, kwa hivyo kutuma waifai kutoka chini hadi juu ni kazi. Mabati ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mawimbi yanagonga chuma na kurudi. Hata tangi la maji au friji ikikaa katikati ya ruta na wewe, unaumia.

Ruta nyingi za sasa hutumia bendi mbili. Ya gigahezi 2.4 inafika mbali na inapenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na ina msongamano, hasa kwenye ploti ambapo kila mpangaji ana ruta yake. Chaneli zisizogongana kwenye bendi hiyo ni 3 tu: 1, 6 na 11. Ya gigahezi 5 ina kasi na nafasi nyingi, lakini ukuta mmoja mnene unaipunguza sana. Ndiyo maana tunasema usinunue ruta ya bendi moja mwaka huu, hata ikiwa bei ya kutupa. Unataka zote mbili: ya 5 kwa TV na laptopu zilizo karibu, ya 2.4 kwa vitu vya mbali na vile vifaa vidogo, kama kamera za usalama, ambavyo vingi havijui bendi nyingine.

Kabla hujatoa pesa, jaribu kuhamisha ruta. Mafundi wengi huiweka pale waya ulipoingilia, na mara nyingi hapo ni kona, nyuma ya TV, karibu na sakafu. Iinue, iweke juu ya kabati, karibu na katikati ya nyumba, bila kuifunika na kitambaa. Ndiyo, tunajua kile kitambaa kizuri cha kusukwa. Kitoe, ruta inahitaji kupumua pia.

Chukua nyumba ya vyumba 3 vya kulala pale Kitengela, sebule upande mmoja na vyumba upande wa pili wa korido, kuta zote za mawe. Laini ni ya megabiti 20. Kwa waya inafika 19, sebuleni 18, chumba cha mwisho 2. Mwenye nyumba hii hahitaji megabiti 40, kwa sababu chumba cha mwisho bado kitapata makombo. Hahitaji pia ruta moja kubwa ya kutisha. Anahitaji kupitisha kebo moja juu ya dari hadi kwenye korido, na kuweka kifaa cha pili cha waifai huko. Kebo ya kawaida ya Cat5e hubeba hadi gigabiti 1 kwa umbali wa mita 100, kwa hivyo kwa nyumba moja inatosha na kubaki.

Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vya kurefusha waifai vinafanya kazi, lakini ujue vinapokea na kutuma kwa hewa hiyo hiyo. Vingi hukupa kama nusu ya kasi, na ukikiweka ndani ya chumba kisicho na mawimbi, kitarudia ukosefu huo huo. Kiweke katikati ya njia. Kama unaweza kuvuta waya, vuta waya.

Maneno ya kwenye boksi

Ukitembea Luthuli Avenue utaona maboksi yameandikwa AC1200, AX1500 na kadhalika. Hizo namba ni jumla ya bendi zote, tena za maabara. AC1200 ni 300 za bendi ya 2.4 na 867 za bendi ya 5, zikajumlishwa na kuzungushwa. Simu yako haitapata 1,200 hata ukiibusu ruta.

Kinachofaa kuangaliwa ni vitu vichache. Wi-Fi 5 inatosha laini ya kawaida na watu watatu au wanne. Wi-Fi 6 inagawa muda vizuri zaidi vifaa vikiwa vingi, kwa hivyo hesabu simu, TV, laptopu, kamera, na wageni wa wikendi. Ikipita kumi na kitu, ongeza pesa kidogo uchukue hiyo. Simu ya zamani itaendelea kufanya kazi nayo, ila kwa kasi yake ya zamani.

Kisha geuza ruta uangalie matundu ya kebo. Za bei ya chini nyingi bado zina matundu ya megabiti 100 tu. Kama laini yako ni ya 30, sawa kabisa. Kama unalipia 200, utapima kwa waya na kupata 94 hivi kila siku, ulaumu kampuni bure. Usalama nao: taka WPA2 kwenda juu, na WPA3 ni bora zaidi. Idadi ya antena usiitumie kuamua.

Uliza kampuni yako kabla ya kununua

Kwa faiba, lile boksi ulilopewa linageuza mwanga kuwa intaneti, na mara nyingi ndilo hilo hilo linalotoa waifai. Huwezi kulitupa. Ruta yako mpya itakaa nyuma yake kwa waya. Kwa hivyo uliza: mnaruhusu ruta yangu? Kuna jina na nenosiri la kuingiza? Mnaweza kuzima waifai ya boksi lenu? Dakika tano za simu zinaokoa safari ya kurudi dukani. Ukiwapigia, uliza pia kama wanaweza kukubadilishia boksi la zamani. Kuna wanaobadilisha, ila hawatakutafuta wewe wakuambie.

Kwa ruta za laini ya simu, mambo mawili. Moja, je, imefungwa kwa mtandao mmoja? Mbili, inashika masafa ya mtandao unaotaka? Faiba 4G, kwa mfano, iko kwenye megahezi 700, na si kila kifaa kilichoandikwa 4G kinashika hayo. Jaribu na laini yako mwenyewe pale dukani, kisha nyumbani iweke dirishani upande wa mnara.

Stima nayo

Ruta nzuri bila stima ni plastiki. Ikipotea mtaani kwako, laini ya faiba mara nyingi inaendelea kuishi kwa muda, kinachozimika ni boksi na ruta yako. Betri ndogo ya ruta inatatua hili, lakini soma adapta kwanza: volti zilingane kabisa, 9 au 12, na ampea za betri zisiwe chini. Kukosea volti kunaweza kuunguza kila kitu. Betri ya mAh 8,800 ina kama wati-saa 32 ndani yake. Vifaa vinavyokula wati 8 kwa jumla vitakaa zaidi kidogo ya saa 3. Kumbuka boksi la faiba nalo linahitaji moto, si ruta peke yake.

Wakati wa kulipa

Hapa ni nyumbani kwetu, kwa hivyo tutakuwa wakali. Ukinunua dukani, lipa kwa namba ya biashara, na usome jina linalojitokeza kabla ya kuweka PIN. Kama duka lina jina moja na malipo yanaenda kwa jina la mtu mwingine, uliza kwa nini. Ukinunua mtandaoni kwa muuzaji usiyemjua, usitume "deposit ya kushikilia mzigo" kwa namba ya mtu binafsi. Pesa ikishatolewa upande wa pili, kuirudisha ni vita. Muuzaji wa kweli atakubali ulipe mzigo ukifika.

Angalia kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kama ni cha mitumba, kiwashe mbele ya muuzaji, ukirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani hapo hapo. Kisichokubali, kiache. Ukifika nyumbani badilisha nenosiri la kuingilia mipangilio, lile la "admin" linajulikana na kila mtu, kisha pakua sasisho la programu yake.

Siku hiyo hiyo rudi kwenye kile chumba kilichokusumbua, pima tena, linganisha na namba ulizoandika mwanzoni. Kama hakuna tofauti, bado una muda wa kuirudisha, mradi ulikubaliana na duka siku ngapi na ujumbe wa malipo bado uko kwenye simu. Usiufute.

Swali tunaloulizwa: nikibadilisha ruta, namba ya akaunti ya kulipia inabadilika? Kwa faiba hapana, akaunti inafuata laini yako, si boksi. Kwa ruta ya simu inafuata kadi ya laini, kwa hivyo ukihamisha kadi, endelea kulipia namba ile ile.