Kipindi cha kwanza, tusianze na baba wa mtoto

KILA Januari walimu tunapokea wanafunzi wapya, na wengi wetu tunaanza kwa njia ile ile: simama, taja jina lako, umetoka wapi, baba yako anafanya kazi gani. Tunaona ni kufahamiana tu. Lakini katika miaka niliyofundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu kati ya Kahama na Geita, nimeona swali hilo la mwisho likimfunga mtoto mdomo muhula mzima.

Sababu iko wazi kwa anayeijua mikoa hii. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001 na Buzwagi 2009. Buzwagi ulipositisha uzalishaji mwaka 2021, wengi waliokuwa na ajira pale walitawanyika. Nje ya migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo, wanaohama kila inaposikika rashi ya dhahabu: leo Nyarugusu, kesho Rwamgasa, keshokutwa Kakola. Watoto nao huhama. Darasani unaye ambaye baba yake alifukiwa kwenye duara, unaye ambaye baba alifuata rashi na hajarudi, na unaye anayelelewa na mama anayeuza chakula mwaloni. Pembeni yao ameketi mtoto wa mwenye karasha. Ukiwauliza wote kazi ya baba mbele ya wenzao, umeshawapanga madaraja kabla hujafundisha herufi moja. Aliyeaibika hanyooshi tena mkono, na njia ya kuacha shule ni fupi, kwa kuwa mwalo haumuulizi mtu baba yake.

Je, tusijuane? La. Katika Suratul Hujurat aya ya 13, Allah (SW) anatueleza kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora kwake ni mcha Mungu zaidi. Kujuana ni agizo. Hoja ni namna ya kujuana.

Katika Sahih Bukhari, Malik bin Huwayrith (RA) anasimulia kuwa yeye na vijana wenzake wa rika moja walikaa kwa Mtume (SAW) siku zipatazo ishirini, naye alikuwa mpole na mwenye huruma kwao. Alipohisi kuwa wamewakumbuka jamaa zao, ndipo akawauliza waliowaacha nyumbani. Tazama mpangilio huo, ndugu msomaji. Upole ulitangulia, swali la nyumbani likaja baadaye, tena kwa ajili ya kuwahurumia. Sisi tunaliuliza dakika ya tano.

Kwa mwongozo huo, kipindi changu cha kwanza nakipanga hivi:

Kwanza, salamu na jina. Namsalimia kila anayeingia, kisha natangulia kujitambulisha mimi. Kila mmoja anataja jina analopenda kuitwa, na anayejua maana yake anaieleza. Majina ya kejeli hayana nafasi, maana aya ya 11 ya sura hiyo hiyo imeyakataza.

Pili, wanakaa wawili wawili, wavulana kwa wavulana na wasichana kwa wasichana. Kila mmoja anamuuliza mwenzake: ni jambo gani unaliweza vizuri? Kisha anamtambulisha mwenzake kwa darasa. Hapo utasikia huyu anajua kuchunga ng'ombe, yule kusuka ukili, mwingine amehifadhi Juzuu Amma. Mtoto anajulikana kwa alichopewa na Mola wake, si kwa alichokosa.

Tatu, kitendawili. Mtume (SAW) aliwahi kuwauliza Masahaba ni mti gani usiopukutisha majani, unaofanana na Muislamu. Ibn Umar (RA) alijua moyoni kuwa ni mtende, akaona haya kusema kwa kuwa alikuwa mdogo mbele ya wakubwa. Ikiwa yeye aliona haya, vipi mtoto aliyehamia jana? Kwa hiyo natega, nawaacha wanong'one na jirani zao, ndipo napokea majibu.

Nne, karatasi isiyo na jina. Kila mmoja anaandika swali moja linalomsumbua kuhusu dini au shule, nami nayajibu katika vipindi vinavyofuata.

Habari za nyumbani nazitafuta baadaye, kwa faragha, moyo wa mtoto ukishatulia.

Atasema mtu kuwa tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 madarasa yamejaa na muda hautoshi. Ni kweli madarasa yamejaa. Katika darasa kubwa wawili wawili hao watambulishane na jozi ya jirani tu, na kipindi kimoja kitatosha. Kipindi kimoja si gharama kubwa kwa mwanafunzi ambaye tungempoteza mwaka mzima.

Walimu wa madrasa na wazazi mnaopokea watoto wa ndugu, ombi hili ni lenu pia. Mtoto mgeni apewe kwanza salamu, jina lake na heshima yake. Mengine atayasema mwenyewe akituamini.

Wabillahi tawfiq.